Mnyororo Uendapo Mshazari: Mkwaruzo na Uteuzi wa Gia katika Baiskeli ya Mbio

1.0 Utangulizi

Baiskeli iliyozoeleka zaidi nchini Kenya, ile nyeusi ya chuma kizito iitwayo Black Mamba, ina gurudumu moja la meno mbele na jingine moja nyuma. Mnyororo wake huenda katika mstari ulionyooka tangu siku inaponunuliwa hadi siku inapochakaa, na mwenyewe hana la kuchagua. Baiskeli ya mbio ni tofauti. Kwa kawaida ina magurudumu mawili ya meno mbele na manane, kumi au hata kumi na mawili nyuma, na mnyororo mmoja tu hutakiwa kuyahudumia yote. Uhuru huo wa kuchagua una gharama yake. Ipo michanganyo ya gia inayoulazimisha mnyororo kwenda mshazari, ukakwaruza vyuma vinavyouzunguka, ukaliwa kabla ya wakati wake na, mara nyingine, ukachomoka katikati ya barabara.

Makala haya yanalenga kufafanua mambo matatu: chanzo cha mkwaruzo huo, michanganyo ya gia inayouleta, na namna umbo la ardhi ya Nairobi, hasa vitongoji vyake vya magharibi, linavyowasukuma waendeshaji katika michanganyo hiyo bila wao kutambua. Hoja kuu ni kwamba gia za mshazari hazimpi mwendeshaji chochote cha maana ambacho hawezi kukipata kwa mnyororo ulionyooka, au unaokaribia kunyooka.

2.0 Istilahi Zinazotumika

Msamiati wa baiskeli katika Kiswahili umejengwa kwa njia mbili zinazofahamika kwa kila mwanafunzi wa uundaji wa istilahi. Njia ya kwanza ni utohozi. Maneno baiskeli, gia, breki, pedali, sproketi na kaseti yametoka katika Kiingereza, yakavishwa irabu ili silabi zake ziwe wazi. Njia ya pili ni upanuzi wa maana. Jino limetoka kinywani likaenda kwenye gurudumu; mnyororo uliofunga mateka na kutia nanga sasa unazungusha tairi; na pingili, ambayo ni sehemu ya muwa au mwanzi iliyo kati ya fundo na fundo, inafaa sana kutaja kipande kimoja cha mnyororo. Katika karakana za Nairobi fundi husema cheni pale ambapo kitabu husema mnyororo. Maneno yote mawili yanaeleweka. Makala haya yanatumia la pili.

Kwa mintarafu ya makala haya, sproketi ni gurudumu la meno linaloshikana na mnyororo, liwe la mbele penye pedali au la nyuma penye tairi. Kaseti ni fungu la sproketi za nyuma zilizopangwa kwa ukubwa, kubwa zaidi ikiwa ndani karibu na njiti za gurudumu na ndogo zaidi ikiwa nje. Mbele mpangilio ni kinyume: sproketi kubwa iko nje, ndogo iko ndani. Kihamisha mnyororo ni chombo kinachousukuma mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine. Kimoja kiko mbele na kingine nyuma. Kile cha mbele kina mabamba mawili, la ndani na la nje, na mnyororo hupita katikati yake kama mtu apitaye kwenye kichochoro chembamba.

3.0 Asili ya Tatizo

Mnyororo wa baiskeli unaotumika leo unatokana na ule uliobuniwa na Hans Renold mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kila pingili ina mabamba ya pembeni, pini na rola, na umbali kati ya pini moja na inayofuata ni nusu inchi, yaani mm 12.7. Mnyororo huo ulikusudiwa kuzunguka katika mstari mmoja, baina ya magurudumu mawili yanayotazamana.

Mafundi walipotaka gia zaidi, walilazimika kuutumia kwa namna ambayo haikukusudiwa tangu awali: kuupinda upande kidogo ili uhame kutoka sproketi hadi sproketi. Wenye mashindano hawakulipokea wazo hilo upesi. Tour de France ilianza mwaka 1903, lakini washindani hawakuruhusiwa kutumia kihamisha mnyororo hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo mwendeshaji aliyefika chini ya mlima alishuka, akalichomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili atumie sproketi ya upande wa pili.

Minyororo ya kisasa ni myembamba na hupindika upande kwa urahisi kuliko ile ya kale. Hata hivyo, kupindika kuna kikomo. Katika kaseti ya sproketi kumi, umbali kutoka katikati ya sproketi ya kwanza hadi katikati ya ile ya mwisho ni mm 35 hivi. Umbali kati ya ekseli ya pedali na ekseli ya gurudumu la nyuma ni takriban sm 41. Kwa hiyo mnyororo uliowekwa kwenye ncha mbili zinazopingana hukengeuka kwa nyuzi tatu hivi. Kwa macho ni pembe ndogo. Kwa chuma kinachopita mara maelfu kwa saa katika nafasi ya milimita chache, ni pembe kubwa.

4.0 Aina za Mkwaruzo

Mkwaruzo hutokea katika sehemu tatu, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu tiba zake hazifanani.

Kwanza, mnyororo hugusa bamba la kihamisha cha mbele. Mwendeshaji akitumia sproketi kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, mnyororo huvutwa kuelekea ndani na kugusa bamba la ndani. Akitumia ndogo ya mbele pamoja na ndogo ya nyuma, huvutwa nje na kugusa bamba la nje. Sauti yake ni ya mfululizo, kama kisu kinachonolewa taratibu.

Pili, katika mchanganyo wa ndogo kwa ndogo, mnyororo unaotoka kwenye sproketi ya ndani na kuelekea nje hupita karibu sana na ubavu wa sproketi kubwa ya mbele. Huweza kuyagusa meno yake, au hata kunaswa na vijipini vilivyowekwa hapo ili kuunyanyua mnyororo wakati wa kubadili gia. Sauti yake ni ya kugongagonga.

Tatu, mabamba ya pingili husugua kingo za meno ya sproketi za nyuma kwa sababu mnyororo hauyaingii meno ukiwa wima. Mkwaruzo huu hausikiki sana, lakini ndio unaokula chuma siku hadi siku.

5.0 Hesabu ya Gia

Ichukuliwe mfano wa baiskeli yenye sproketi za mbele za meno 50 na 34, na kaseti ya sproketi kumi zenye meno 11, 12, 13, 14, 15, 17, 19, 21, 24 na 28. Mpangilio huu ulienea sana katika baiskeli za mbio. Kwa kuzidisha 2 kwa 10, mwendeshaji huhesabu kuwa ana gia 20. Hesabu hiyo ni sahihi kwa idadi lakini si kwa maana, kwa kuwa gia kadhaa hurudiana.

Ugumu wa gia hupatikana kwa kugawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Mchanganyo wa 50 kwa 28, ambao ni wa mshazari kabisa, hutoa uwiano wa 1.79. Mchanganyo wa 34 kwa 19, ambao mnyororo wake umenyooka kiasi cha kutosha, nao hutoa 1.79. Katika gurudumu la kawaida la baiskeli ya mbio, lenye mzingo wa mita 2.1 hivi, yote miwili humsogeza mwendeshaji mita 3.75 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Miguu haiwezi kuona tofauti, mnyororo unaiona.

Hali kadhalika, mchanganyo wa 34 kwa 11 hutoa uwiano wa 3.09. Uwiano huo uko kati ya 50 kwa 17, ambao ni 2.94, na 50 kwa 15, ambao ni 3.33. Isitoshe, 34 kwa 11 una kasoro nyingine mbili. Sproketi ya meno 11 hulazimisha kila pingili kukunjika kwa takriban nyuzi 33 inapoizunguka, ilhali ile ya meno 17 hudai nyuzi 21 tu. Aidha, kwa nguvu ileile ya mguu, sproketi ndogo ya mbele huuvuta mnyororo kwa nguvu zaidi kuliko kubwa. Kwa hiyo mnyororo huo umekengeuka, umekunjwa sana na umekazwa, yote kwa wakati mmoja.

Kutokana na hesabu hii, kanuni inayopatikana ni nyepesi. Sproketi kubwa ya mbele iko nje, hivyo itumiwe na sproketi sita au saba za nje katika kaseti. Ndogo ya mbele iko ndani, hivyo itumiwe na sita au saba za ndani. Sehemu ya katikati ni ya zote mbili. Gia ngumu kuliko zote, 50 kwa 11, na nyepesi kuliko zote, 34 kwa 28, zote zimo ndani ya kanuni hii. Mwendeshaji anayeifuata hapotezi gia yoyote anayoihitaji.

6.0 Ardhi ya Nairobi na Mazoea ya Mkono wa Kulia

Ikiwa kanuni ni nyepesi hivyo, kwa nini mkwaruzo husikika mara kwa mara? Jibu liko katika ardhi na katika mazoea. Kitovu cha Nairobi kiko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuelekea magharibi ardhi hupanda polepole kupitia Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo, hadi Kikuyu, ambako ni karibu mita 2,000. Kupanda huku si kwa mlima mmoja unaojitangaza. Ni kwa mwinuko unaongezeka kidogokidogo, huku ukikatizwa na miteremko mifupi.

Katika baiskeli ya mbio, wenzo wa mkono wa kulia hubadili gia za nyuma na wa kushoto hubadili za mbele. Gia za nyuma hubadilika kwa ulaini, hatua ndogo baada ya hatua ndogo. Ya mbele hubadilika kwa mshtuko: kutoka meno 50 hadi 34 uwiano hushuka kwa asilimia 32 mara moja. Ndiyo maana mkono wa kulia huzoea kufanya kazi yote. Mwendeshaji anayetoka mjini jioni kuelekea Kikuyu huanza kwenye tambarare kwa sproketi kubwa ya mbele. Barabara ya Waiyaki inapoinuka, mkono wa kulia huongeza sproketi moja nyuma, kisha nyingine, kisha nyingine. Afikapo Kangemi yuko kwenye 50 kwa 28, mnyororo unakwaruza, naye hakumbuki ni lini alichagua gia hiyo. Asubuhi, akiteremka kurudi mjini kwa sproketi ndogo ya mbele, mkono uleule humpeleka hatua kwa hatua hadi 34 kwa 11. Katika barabara ya James Gichuru, inayoshuka na kupanda mabonde ya Lavington, makosa yote mawili huweza kufanyika katika safari moja.

Dawa ni kuutumia mkono wa kushoto mapema, kabla mwinuko haujawa mkali, na papo hapo kufidia kwa mkono wa kulia. Aliye kwenye 50 kwa 24 akihamia sproketi ndogo ya mbele na kuteremka hatua tatu nyuma hufika 34 kwa 17. Uwiano hubadilika kutoka 2.08 hadi 2.00 tu, na miguu haipotezi mwendo wake. Stadi hii hupatikana kwa mazoezi, na vitongoji hivi vya magharibi vimethibitika kuwa shule njema. Huko Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu, ndiko David Kinjah alikowalea vijana wa kikundi cha Safari Simbaz. Miongoni mwa waliofunzwa naye ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006, na baadaye, akiendesha kwa uraia wa Uingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

7.0 Athari za Mnyororo wa Mshazari

Ni vyema kutotia chumvi. Wapo wanaodai kwamba gia za mshazari humnyang'anya mwendeshaji sehemu kubwa ya nguvu zake. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, chini ya James Spicer na kutangazwa mwaka 1999, haukuunga mkono dai hilo. Ulionyesha kwamba mnyororo safi unaweza kupitisha hadi asilimia 98.6 ya nguvu, na kwamba ukubwa wa sproketi na mkazo wa mnyororo ndio ulioathiri ufanisi zaidi. Kwa hiyo, aliyebakia kwenye kubwa kwa kubwa kwa mita mia moja za mwisho za mwinuko hajatenda dhambi. Hasara halisi iko kwingine.

Hasara ya kwanza ni uchakavu. Mnyororo hauvutiki kama mpira. Unarefuka kwa sababu pini na matundu yake huliwa. Ukisharefuka, pingili hazilingani tena na meno, nayo meno huanza kuliwa. Vumbi jekundu la Kikuyu na Dagoretti, likichanganyika na mafuta ya mnyororo, huwa kama msasa, na matope ya mvua za Machi hadi Mei huongeza kasi. Hapa ndipo methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inapopata maana ya fedha: anayechelewa kubadili mnyororo hulazimika kununua mnyororo, kaseti na sproketi za mbele kwa pamoja.

Hasara ya pili ni mnyororo kuchomoka. Hili hutokea zaidi mwendeshaji anapobadili gia ya mbele huku akikanyaga kwa nguvu, na mara nyingi ni yule aliyeng'ang'ania gia ya mshazari hadi akazidiwa na mlima. Hata magwiji hupatwa. Tarehe 19 Julai 2010, katika mlima wa Port de Balès nchini Ufaransa, Andy Schleck wa Luxembourg, aliyekuwa akiongoza Tour de France, alichomokwa na mnyororo alipokuwa akijaribu kuwatoroka wenzake. Alberto Contador akampita, na siku hiyo Schleck akapoteza sekunde 39. Mashindano yalipofika Paris, tofauti baina yao ilikuwa sekunde hizohizo 39. Mwaka 2012 Contador alinyang'anywa ushindi huo kwa sababu ya dawa iliyopigwa marufuku, naye Schleck akapewa. Lakini hakuwahi kuupokea akiwa amesimama jukwaani Paris.

Katika Nairobi kinachopotea si sekunde. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 kati ya Mlolongo na Westlands hairuhusu baiskeli, hivyo waendeshaji hubaki chini pamoja na matatu na malori. Mnyororo ukichomoka katika mwinuko wa Barabara ya Valley, mguu hukanyaga hewa, baiskeli huyumba, na gari lililo nyuma halina muda wa kungoja. Huko ndiko uzito wa suala hili uliko.

8.0 Utambuzi na Marekebisho

Mkwaruzo ukisikika, hatua ya kwanza ni kuangalia mnyororo uko wapi. Ikiwa ni kubwa kwa kubwa au ndogo kwa ndogo, tiba ni kubadili gia, si kumwita fundi. Baadhi ya nyenzo za gia za mbele zina nusu hatua: kusukuma kidogo hukisogeza kihamisha kiasi cha kuuachia mnyororo nafasi, bila kuuhamisha. Baiskeli zenye gia za umeme, ambazo kampuni ya Shimano ilizileta sokoni mwaka 2009, hujisogeza zenyewe kwa namna hiyo.

Ikiwa mkwaruzo unasikika hata mnyororo ukiwa umenyooka, basi kuna kasoro ya urekebishaji. Bamba la nje la kihamisha cha mbele linapaswa kuwa sambamba na sproketi kubwa, na kukaa mm 1 hadi 3 juu ya meno yake. Skrubu mbili za mpaka huzuia kihamisha kisiende ndani wala nje kupita kiasi, na mkazo wa waya huamua kinasimama wapi katikati ya mipaka hiyo. Skrubu zirekebishwe kwanza, waya baadaye. Mkwaruzo unaokuja na kutoweka kwa kila mzunguko wa pedali huashiria sproketi ya mbele iliyopinda. Ukisikika tu mwendeshaji anaposimama juu ya pedali, fremu ndiyo inayopinda kidogo kwa uzito wake, na huenda kihamisha kikahitaji nafasi zaidi.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa na kila anayepeleka baiskeli kwa fundi. Kwanza, mnyororo uliokatika usifupishwe kiholela. Urefu wa chini unaofaa hupatikana kwa kuuzungusha kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kihamisha cha nyuma, kisha kuongeza pingili mbili. Mnyororo mfupi kuliko huo, mwendeshaji akiingia kubwa kwa kubwa kwa bahati mbaya, unaweza kukivunja kihamisha cha nyuma. Pili, uchakavu hupimika kwa rula. Katika mnyororo mpya, pingili 24 zina urefu wa inchi 12 kamili, yaani mm 304.8. Zikifika mm 306.4 hivi, mnyororo ubadilishwe. Zikifika mm 308, huenda sproketi nazo zimekwisha kuharibika.

9.0 Hitimisho

Imebainika kuwa mkwaruzo wa mnyororo, usiotokana na kasoro ya urekebishaji, si ugonjwa wa baiskeli bali ni matokeo ya uteuzi. Mnyororo uliobuniwa kwenda katika mstari mmoja unakubali kukengeuka, lakini kwa kiasi. Gia zinazoukengeusha kupita kiasi zina mbadala wake upande wa pili wa kaseti, na mwendeshaji anayeutumia mkono wa kushoto mapema huzipata bila kupoteza mwendo. Kwa wanaosafiri kila siku kati ya katikati ya jiji na Westlands, Kangemi au Kikuyu, mazoea hayo madogo yanaokoa fedha na yanaweza kuokoa maisha.

Kwa upande wa lugha, ni bayana kuwa somo hili, lenye jiometria, hesabu na ufundi ndani yake, limeelezeka kwa maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo: jino, pingili, mshazari, wenzo, uwiano, mkazo. Maneno mengi kati ya hayo yamo vinywani mwa mafundi wa karakana. Mengine yamo katika kamusi. Kinachohitajika ni wanafunzi wa Kiswahili kuzitembelea karakana hizo wakiwa na daftari, wasikilize, wakusanye, kisha wayarudishe maneno hayo kwa umma yakiwa katika miongozo na vitabu vya ufundi ambavyo kijana wa Kawangware mwenye spana mkononi anaweza kuvisoma na kuvitumia.